Kuifungua nyumba ya mauaji ya kale kwa watalii wa mizuka

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni 1912, watu wanane waliuawa kwa shoka wakiwa usingizini katika nyumba ya mbao mjini Villisca, jimbo la Iowa, Marekani. Walikuwa Josiah Moore, mkewe Sarah, watoto wao wanne, na mabinti wawili wa familia ya Stillinger, Lena na Ina, waliokuja kulala baada ya sherehe ya watoto kanisani. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Leo nyumba hiyo inapokea wageni mchana na kuwalaza usiku kwa malipo. Mjini Fall River, Massachusetts, nyumba ambamo Andrew na Abby Borden waliuawa tarehe 4 Agosti 1892 imekuwa ikilaza wageni na kuwapa kifungua kinywa tangu 1996.

Kwetu nyumba ya namna hiyo ingeachiwa popo, au ingesomewa dua kisha apangishwe mtu asiye na habari zake. Kule watu wanaweka nafasi mapema na kulipia. Maelezo haya yanafuata nyumba hizo mbili kwa sababu zimeshika njia mbili tofauti, na anayetaka kuendesha ya tatu hana budi kuchagua mojawapo. Ajue mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi ni sakafu, moto, choo na panya. Mzuka mgeni huja naye mwenyewe.

Kabla ya kununua

Swali la kwanza ni umri wa mauaji. Kama watoto au wajukuu wa waliouawa bado wanaishi na wanakumbuka, achana na biashara ya mizuka. Jumba la Glensheen huko Duluth, Minnesota, linafundisha vizuri hapa. Mwenye nyumba, Elisabeth Congdon, na muuguzi wake Velma Pietila waliuawa humo tarehe 27 Juni 1977. Chuo kikuu kinacholimiliki kililifungulia watalii mwaka 1979, na kwa miaka mingi waongozaji waliagizwa wasizungumzie mauaji. Waliuza usanifu, samani na bustani, na jumba likaendelea kupata wageni. Kesi iliyopita miaka mia ni jambo jingine, lakini hata hapo tafuta ukoo kabla hujachapa tangazo. Waandikie barua, waeleze nini kitaonyeshwa, na wape siku moja kwa mwaka waingie bure bila umati.

Swali la pili ni majirani. Nyumba ya Amityville, New York, walimouawa watu sita wa familia moja Novemba 1974, haijawahi kuwa ya utalii, ila watu walifurika barabarani hata namba ya nyumba ikabadilishwa na madirisha yake maarufu yakaondolewa umbo lake. Nyumba ya Villisca nayo iko katikati ya mtaa wa watu, mji wenye wakazi wapatao 1,100. Pima nafasi ya magari ndani ya kiwanja chako. Kundi la watu sita huja na magari mawili au matatu, na kila gari lenye mizigo ya kamera hufunguliwa mlango mara ishirini kabla ya saa sita usiku. Maegesho yawe nyuma ya nyumba, na saa nne usiku ziwe mwisho wa kukaa nje. Jirani asiyelala ndiye atakayekwenda kwenye kikao cha mji kuomba kibali chako kifutwe.

Kuna na jambo la kisheria linalosahaulika. Mwaka 1991, katika kesi ya Stambovsky dhidi ya Ackley, mahakama ya rufani ya New York iliamua kwamba muuzaji aliyetangaza hadharani kuwa nyumba yake ina mizuka hawezi kuikana mbele ya mnunuzi. Kisheria, ikasema, nyumba hiyo ina mizuka. Kwa hiyo kila unachotangaza leo kinaingia katika bei ya kuuzia kesho, iwe kwa kuipandisha au kuishusha. Majimbo hayafanani: California, kwa mfano, kifo kilichotokea ndani ya miaka mitatu iliyopita hudaiwa kutajwa, lakini Massachusetts haimlazimishi muuzaji kueleza mambo ya mauaji wala mizuka. Mwulize mwanasheria wa jimbo husika kabla ya kusaini.

Nyumba isimame mwaka gani

Darwin na Martha Linn waliponunua nyumba ya Villisca mwaka 1994, ilikuwa imeshabadilishwa kwa miongo mingi. Waliamua kuirudisha mwaka 1912. Kuta za plastiki za nje zikang'olewa, baraza zikafunguliwa upya, umeme na mabomba ya maji vikaondolewa, na picha za zamani zikatumika kama kipimo. Mwaka 1998 iliingia katika Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Fall River walikwenda kinyume: umeme upo, bafu lipo, na mgeni analala kwenye godoro zuri katika chumba alimofia Abby Borden, chumba kinachoombwa kuliko vyote.

Njia ya Villisca ina gharama ndogo ya kuendesha na inauza giza la kweli. Hasara yake ni msimu. Nyumba isiyo na joto katika baridi ya Iowa haifai kulala, na choo kiko nje, ghalani. Njia ya Fall River inaendesha mwaka mzima, ila inakuingiza katika masharti yote ya hoteli: mashuka, ukaguzi wa jiko, maji ya moto, kodi ya malazi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, yaani nyumba ya taa za chemli yenye soketi zilizofichwa nyuma ya makabati, hauwaridhishi wapenda historia na unawakasirisha wawinda mizuka, maana vifaa vyao vitalia kila vikipita karibu na waya.

Kwa urejeshaji wenyewe, anza na nyaraka: ramani za bima ya moto, orodha ya mirathi ya marehemu, ushahidi wa mahakamani, picha. Fall River wana bahati, kwa kuwa picha za eneo la tukio zilipigwa siku ileile. Kochi lililopo leo sebuleni ni la kuiga, limetengenezwa kwa kufuata picha. Andika wazi kwenye kadi ndogo kila kitu cha kuiga. Mgeni husamehe kuigiza, hasamehe kudanganywa.

Orodha ya Taifa haimzuii mmiliki binafsi kubadilisha nyumba yake ikiwa hakuna fedha wala kibali cha serikali kuu. Kinachofunga mikono ni sheria ya mji, pale ambapo mtaa umetangazwa eneo la kihistoria. Faida ya orodha ni nafuu ya kodi ya 20% ya gharama za ukarabati kwa jengo la biashara, inayogawanywa kwa miaka mitano. Sharti lake ni kwamba gharama zizidi thamani ya jengo vitabuni (bila kiwanja) au dola 5,000, lolote lililo kubwa, kwa kawaida ndani ya miezi 24. Wengi hukosa hapa kwa kosa moja: wanaanza kazi kabla ya kupeleka maombi, wanaweka madirisha ya plastiki, kisha wanashangaa ombi linapokataliwa. Peleka picha za kila chumba kama kilivyo kabla ya kushika nyundo.

Rangi ya nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1978 ichukuliwe kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, mpaka ipimwe. Usiikwangue kavu wala kuichoma kwa moto. Ilowanishe, tandika nailoni sakafuni, fyonza vumbi kwa mashine yenye kichujio cha HEPA. Na usithubutu kuuza vipande vya mbao vilivyotoka ukarabatini kama kumbukumbu, hata kama watu wataviomba kwa bei nzuri, kwani utakuwa unauza risasi.

Zimamoto atakuuliza nini

Atauliza kwanza hii ni biashara ya aina gani, na jibu lako lina uzito kuliko unavyofikiri. Ukisema "nyumba ya kutisha" yenye waigizaji wanaoruka gizani, njia za kupotezana na sauti za kushtua, umejiweka katika kundi la majengo ya burudani maalumu, ambayo kwa kanuni za Marekani yanadaiwa vinyunyizio vya maji darini, vitambua moshi, na mfumo wa kuwasha taa na kuzima kelele mara moshi unapoonekana. Ukali huo una chanzo. Tarehe 11 Mei 1984, jumba la kutisha katika bustani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, liliwaka moto na vijana wanane wakafia ndani. Kwa hiyo usiweke waigizaji. Nyumba ya kihistoria inayotembelewa kwa kuongozwa, watu kumi kwa mara moja, ni mazungumzo mengine kabisa na afisa huyo. Mwite kabla ya kununua, mpitishe chumba kwa chumba, na majibu yake yawe kwa maandishi.

Kwa kila chumba cha kulala anataka njia ya pili ya kutokea. Kipimo cha kawaida cha dirisha la kuokokea ni uwazi wa mita za mraba 0.53, upana usiopungua sentimita 51, urefu usiopungua 61, na kizingiti kisichozidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Madirisha ya mbao ya zamani mara nyingi yana nafasi ya kutosha lakini yamegandishwa na rangi. Pitisha kisu chembamba cha rangi kuzunguka fremu, badilisha kamba za uzito zilizokatika, na ujaribu kuyafungua kwa mkono mmoja kila mwezi.

Mpangilio wa nyumba hizi ni mgumu zaidi. Huko Villisca ngazi ni nyembamba na ya mwinuko, na chumba cha watoto kinafikiwa kwa kupita chumba cha wazazi. Kwa Borden hakuna korido ya maana, bali chumba kinaingia chumba. Moto ukianza chumba cha mbele, wa nyuma amekwama. Dawa yake ni hizi: king'ora cha moshi katika kila chumba cha kulala, nje ya vyumba na kila ghorofa, vyote vikiunganishwa bila waya ili kimoja kikilia vilie vyote (vipo vya betri iliyofungwa ya miaka 10, vinavyofaa nyumba isiyo na umeme); kizima moto cha daraja 2-A:10-B:C kila ghorofa; taa za betri za kuonyesha mlango; na ngazi ya kamba chini ya dirisha la juu, iliyojaribiwa na mtu mzima mwenye uzito wa kweli.

Mishumaa na taa za mafuta marufuku, bila kubembelezana. Taa za LED zinazotikisika kama mwali zinatosha. Muuaji wa Villisca aliacha taa isiyo na chemni mguuni mwa kitanda, na wageni hupenda kuiga hilo kwa moto halisi. Waonyeshe taa ileile yenye balbu ndogo ya betri ndani.

Halafu sakafu. Vyumba vya kulala vya makazi husanifiwa kubeba takriban kilo 146 kwa mita ya mraba, sebule kilo 195, lakini mahali pa mikusanyiko huhitaji karibu kilo 490. Kwa hesabu ya chumba kizima huoni shida: mita 3 kwa 3.5 inabeba zaidi ya tani moja na nusu. Ila watalii hawajipangi sawasawa. Wanasongamana kuzunguka kitanda ambapo mtu aliuawa, wanne katika mita moja ya mraba, kilo 320 hapo, juu ya boriti za karne iliyopita ambazo fundi bomba fulani alizitoboa. Mlete mhandisi wa majengo, afungue sehemu ya dari ya chini, aone boriti, akupe idadi kwa maandishi. Mpaka akupe, kumi chini na sita juu. Ukiongeza nguzo, zipite ndani ya kabati au ukuta, si katikati ya sebule ya tukio.

Hewa kabla ya mizuka

Mwaka 1921 daktari wa macho W. H. Wilmer alichapisha habari za familia iliyosikia nyayo, ikaona watu wasiokuwapo, ikaumwa kichwa na kukosa nguvu. Tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa linavuja kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Likatengenezwa, mizuka ikahama. Kila mwendeshaji wa nyumba kama hii angeibandika habari hiyo ofisini.

Kitambuzi cha kawaida cha kaboni monoksidi hakilii haraka kwa viwango vidogo: kwa sehemu 70 katika milioni kinasubiri kati ya saa moja na saa nne. Weka na kifaa kimoja chenye skrini inayoonyesha viwango vya chini, na mlinzi akisome kila baada ya saa mbili. Hatari kubwa ni mgeni mwenyewe, anayeingia Oktoba na hita ndogo ya gesi begini kwa sababu aliambiwa nyumba haina joto. Kagua mizigo mlangoni, kodisha mablanketi.

Iowa yote iko katika kundi la juu kabisa la hatari ya radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini. Kiwango cha kuchukua hatua ni pikokyuri 4 kwa lita. Mgeni wa usiku mmoja haimdhuru sana, lakini mlinzi anayekaa ghorofa ya chini kila siku anadhurika, hivyo pima kwa miezi mitatu na uweke feni ya kunyonya chini ya sakafu ikibidi. Feni hiyo nayo uifunge kwa mpira usiopitisha mtetemo. Mwaka 1998 Vic Tandy wa Coventry, Uingereza, alieleza kuwa "mzuka" wa maabara yake ulitokana na feni iliyotoa mawimbi ya takriban mizunguko 19 kwa sekunde, sauti isiyosikika lakini inayomfanya mtu ahisi kuna kitu pembeni ya jicho.

Simulizi ya mchana

Ziara ya dakika 50 hadi 60 inatosha. Anzia nje, kwenye anwani na kanisa, kwa sababu mtu akiingia ndani macho yake yanakimbilia ngazi na masikio yanafunga. Toa nusu ya muda kwa maisha ya waliokufa, na majina ya wote wanane wa Villisca yatamkwe pamoja na umri wao: Josiah 43, Sarah 39, Herman 11, Katherine 10, Boyd 7, Paul 5, Lena 12, Ina 8. Majina yakishatamkwa, kelele za utani hupungua zenyewe.

Gawa maneno ya mwongozaji katika rangi tatu kwenye karatasi yake. Nyeusi: yaliyomo kwenye kumbukumbu. Vioo vilivyofunikwa nguo, shoka la Josiah mwenyewe lililoachwa chumba cha chini, kipande cha nyama ya nguruwe ya kukaushwa kilichokutwa karibu nalo, na umati wa watu wa mji walioingia na kuvuruga ushahidi kabla nyumba haijalindwa. Bluu: tuhuma. Mhubiri George Kelly alishtakiwa mara mbili mwaka 1917. Kesi ya kwanza wazee wa baraza hawakuafikiana, ya pili akaachiwa, na ungamo alilokuwa amelitia saini alilikana. Seneta wa jimbo Frank Jones alinong'onwa maisha yake yote lakini hakuwahi kushtakiwa kwa mauaji hayo. Nyekundu: masimulizi ya wageni, sauti za watoto, mlango unaojifunga. Nyekundu isemwe kila mara kwa "inasemekana".

Kwa Borden kosa la kawaida ni kumwita muuaji Lizzie, binti wa Andrew aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Aliachiwa huru tarehe 20 Juni 1893. Wimbo wa watoto unahesabu mapigo 40 na 41; uchunguzi ulikuta 18 au 19 kwa Abby na 10 au 11 kwa Andrew. Mgeni anayeondoka na namba sahihi anajihisi amelipwa haki yake. Watalii wa Fall River wamekuwa wakiandaliwa kifungua kinywa kinachofanana na cha mwisho cha akina Borden, pamoja na chapati ndogo za unga wa mahindi, ndizi na biskuti za sukari. Hilo ni bora kuliko damu ya plastiki. Chakula kinakumbukwa.

Iowa ina Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na makundi ya namna hiyo yanapokuja tafsiri inahitaji uangalifu. Usiseme jini, jini hakuwahi kuwa mtu. Usiseme pepo, maana msikilizaji atangoja mtu apagawe. Mzuka au kivuli cha marehemu ndilo neno, na baadhi yao watakwambia kwa upole kwamba wangependa kubaki uani.

Usiku

Kundi moja, nyumba nzima, watu wasiozidi idadi ya mhandisi. Wawe wamefika kabla jua halijazama ili waone ngazi kwa mwanga. Umri wa chini 18 kwa kulala, isipokuwa mzazi yupo, na ujue kwamba katika majimbo mengi fomu ya kukubali hatari anayosaini mzazi haimfungi mtoto. Bima ya dhima ya dola milioni moja kwa tukio ndiyo kima ambacho wenye mali wengi huanzia. Mweleze dalali wa bima neno kwa neno kwamba watu watalala gizani katika nyumba ya mauaji. Ukiandika "makumbusho" peke yake, siku ya dai utaambiwa hukusema.

Novemba 2014 mgeni mmoja wa Villisca alikutwa na jeraha la kisu kifuani, na ofisi ya sherifu ikaeleza kuwa alijijeruhi mwenyewe. Alikuwa peke yake chumbani. Kanuni mbili zinatoka hapo. Hakuna anayebaki peke yake ndani ya nyumba hata kwa dakika kumi, na hakuna kisu wala shoka lenye makali, likiwemo lako la maonyesho, ambalo liwe na kichwa cha mpira mgumu na limefungwa ukutani kwa waya. Pombe hapana. Mlinzi akae jengo la pili, macho, na redio ya mkononi, si mwenye nyumba aliyelala mtaa wa tatu na simu kwenye chaji.

Vitu ambavyo wawinda mizuka huleta, na ambavyo huwezi kujua vinaharibu mpaka viharibu: chumvi ya kuzunguka kitanda hula misumari ya sakafu, maji ya baraka huacha alama kwenye karatasi za ukutani, unga au poda ya kunasa nyayo hujaa nyufa za mbao na hautoki, majani ya kufukiza huamsha ving'ora na kuacha cheche. Vyote marufuku, waandikiwe siku wanapoweka nafasi, si mlangoni. Utepe wa kubandikia kamera uwe ule mwepesi wa mafundi rangi, nao usibandikwe kwenye karatasi za ukutani kamwe. Simamisha miguu ya kamera juu ya vipande vya zulia.

Sasa ramani ya sumaku, kazi ya siku mbili ambayo itakupa sifa kuliko tangazo lolote. Chora kila chumba, pima kwa kifaa cha kupima uga wa sumaku kila mita moja, kimo cha mita moja, saa sita mchana na saa sita usiku. Kile kifaa maarufu cha K2 kina taa tano, na taa ya pili huwaka kwenye miligausi 1.5 tu, ya mwisho kwenye 20. Simu ikiita au redio ya mkononi ikibonyezwa karibu nacho, taa zote huwaka. Andika vyanzo ulivyovikuta: nguzo ya umeme ya mtaani, jokofu la ghalani. Mpe kila kundi nakala. Wenye kuwinda kwa makini watakushukuru, na wenye papara watapungukiwa na ushahidi wa uongo wa kukubandikia mtandaoni. Waeleze pia tochi za kuzungusha kichwa: zikiachwa zimelegezwa nusu, joto la balbu hutanua vyuma na mwanga huzima na kuwaka wenyewe, bila marehemu yeyote kuulizwa.

Usipange sauti, usifunge uzi kwenye mlango, usimwagize mlinzi agonge ukuta. Kamera za wageni siku hizi zinaona gizani kuliko macho ya mlinzi. Na tiketi isiahidi mzuka. Iandike kuwa nyumba inadaiwa kuwa nao.

Fedha

Chukua hesabu ya mfano. Watu sita kwa dola 75 ni 450. Mlinzi saa 14 kwa dola 15 ni 210. Usafi 50. Bima ya dola 6,000 kwa mwaka ikigawiwa usiku 120 ni 50. Zinabaki 140 kabla ya kodi ya malazi, ada ya mtandao wa kuhifadhi nafasi na karatasi ya ukutani iliyochanwa. Ziara tatu za mchana, watu kumi kila moja kwa dola 15, ni 450 vilevile, na mwongozaji wa saa nne anachukua 60. Usiku unaleta jina, mchana unalipa paa. Anayefuta ziara za mchana ili nyumba ipumzike kwa ajili ya wageni wa usiku amekata tawi alilokalia.

Bei ya Oktoba ipande, na tarehe ya tukio ifungwe. Wengi hufanya kinyume na kuuza usiku wa kumbukumbu kwa bei ya juu kabisa. Hesabu inawaunga mkono, ila majirani na ukoo hawatakusahau. Fulana, kadi na kitabu kidogo cha historia viuzwe ghalani, si ndani. Jina na alama zako zisajili, lakini usitegemee kumiliki historia: mwaka 2023 mahakama ilikataa ombi la kampuni inayomiliki nyumba ya Borden la kuuzuia kwa muda mkahawa wa jirani uliojiita kwa jina la Lizzie na kuchora kishoka.

Asubuhi

Saa tatu wageni watoke, na mlinzi apite na orodha kabla hawajawasha magari. Anaanzia juu: mlango wa darini umefungwa, madirisha yanafunguka, hakuna kipande kipya cha karatasi ya ukutani kilichokatwa (piga picha kila ukuta kila Jumatatu, utajua usiku upi). Vioo vifunikwe tena. Chini ya vitanda kuna betri zilizoanguka. Kisha chumba cha watoto, ambako kila kundi huacha wanasesere, mipira na peremende kwa ajili ya watoto waliokufa. Wanasesere watano wabaki, wengine waende kwenye sanduku la ghalani na kutolewa sadaka mwisho wa mwezi. Peremende zitoke asubuhi ileile, hata zilizofungwa, pamoja na zile zilizosukumwa nyuma ya kabati na chini ya godoro. Panya wa Iowa huzipata ndani ya usiku mmoja, na kundi linalofuata litalipa dola 450 kusikiliza nyayo zao ukutani.